Kupima Kifua Kikuu kwa Mkojo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mazungumzo haya yamepigwa chapa ili yasomwe tena darasani baada ya kusikilizwa.

Nasema nanyi nyote mlioketi darasani jioni hii, kina mama na kina baba, pamoja na mwalimu wenu. Nasema hasa na ninyi wa Rujewa, mliotoka shambani na miguu ingali na tope la majaruba. Poleni kwa kazi. Kaeni vizuri, na mwenye kalamu aishike, maana leo tutasikiliza na tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu ni juu ya mkojo. Najua wengine watacheka, na wengine watainamisha uso. Basi chekeni kwanza, tuendelee. Mkojo ni kitu tusichopenda kukitaja mbele za watu, sembuse mbele ya wakwe. Lakini kwa daktari mkojo ni kama barua. Unatoka ndani ya mwili, mahali ambapo jicho halifiki, na unaleta habari za huko. Kazi iliyobaki ni kujua kuisoma barua hiyo, kama ninyi mnavyojifunza kuzisoma barua za watoto wenu walio mbali.

Tangu zamani waganga wa nchi nyingi walijaribu kuisoma. Waganga wa kale wa India waliona kwamba mkojo wa wagonjwa wengine huwavuta sisimizi, kwa sababu una utamu ndani yake. Huo ndio ugonjwa ambao sisi leo tunauita kisukari, na jina lenyewe linaeleza. Siku hizi ziko njia nyingine nyingi za kuusoma mkojo. Leo nitawaeleza njia moja tu. Njia hii hutumia dhahabu iliyo ndogo mno, na hutafuta alama ya kifua kikuu. Tena ilijaribiwa hapa hapa kwetu Mbeya.

1. Taabu ya makohozi

Kifua kikuu mnakijua. Ni ugonjwa wa kikohozi kisichokwisha, homa za jioni, jasho la usiku, na mwili kukonda. Huletwa na kijidudu. Daktari wa Ujerumani, jina lake Robert Koch, alikitangaza kijidudu hicho tarehe 24 Machi 1882. Tangu wakati huo njia kubwa ya kukitafuta imekuwa ni makohozi. Mgonjwa hukohoa, hutema katika kikopo, na mtaalamu huyatazama makohozi kwa darubini. Siku hizi hospitali nyingi zina pia mashine inayotambua kijidudu ndani ya makohozi. Njia hizo ni nzuri, na zinaendelea kutumika.

Lakini zina tatizo moja: ni lazima mgonjwa aweze kutoa makohozi. Je, asipoweza?

Wagonjwa wasioweza ni wengi, na miongoni mwao wamo watu wengi wenye virusi vya UKIMWI. Sikilizeni sababu yake. Mwili wetu una askari wake ndani ya damu. Kijidudu cha kifua kikuu kikiingia katika mapafu, askari hao hupigana nacho, na vita hiyo hutoboa mashimo katika mapafu. Humo katika mashimo ndimo vijidudu vinamojaa, na humo ndimo makohozi yenye vijidudu yanamotoka. Virusi vya UKIMWI huwaua askari hao. Askari wakiwa wachache, vita haiwi kubwa, na mashimo hayatokei sana. Badala yake vijidudu husafiri kwa damu mpaka kwenye matezi, ini, figo, hata ubongo. Basi mgonjwa amejaa kifua kikuu mwili mzima, lakini kifuani hatoi kitu cha kupimwa.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa nyanda za juu za kusini. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa nchi nzima, karibu 5 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Katika Mkoa wa Mbeya walikuwa 9 hivi, na katika Mkoa wa Iringa 11 hivi. Andikeni tarakimu hizo tatu: 5, 9, 11. Kwa hiyo, mtu akisema habari hizi ni za watu wengine, mwonyesheni tarakimu hizo.

Sasa tuseme yuko kijana mmoja amelazwa hospitali. Ana virusi vya UKIMWI, amekonda, ana homa, na hawezi kuketi bila kushikwa. Mama yake amekaa kando ya kitanda. Muuguzi anaingia.

Muuguzi: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mwanangu.

Muuguzi: Mgonjwa ameweza kutoa makohozi?

Mama: Hata kidogo. Tangu jana anajikaza, yanatoka mate matupu. Nguvu za kukohoa hana.

Muuguzi: Pole, mama. Na mkojo je, anapata?

Mama: Mkojo anapata.

Muuguzi: Basi shika kikombe hiki, umsaidie. Mkojo wake utatusaidia.

Mama: Mwanangu, huyu anaumwa kifua. Mkojo wa nini tena?

Mama huyu ameuliza swali zuri, na kila mmoja wenu angeuliza hilo hilo. Tulijibu.

2. Pumba katika mfereji

Ninyi wa Rujewa mnajua mifereji ya mashamba ya mpunga. Tuseme umesimama kwenye mfereji, mbali na watu. Unaona pumba zinaelea juu ya maji, zinakuja kwako. Huwaoni watu, wala husikii sauti zao. Lakini unajua hakika kwamba huko juu maji yanakotoka, yupo mtu anayepepeta mpunga. Pumba zimekuambia.

Ndivyo ilivyo kwa kijidudu cha kifua kikuu. Kijidudu hiki kina ganda gumu. Katika ganda hilo mna kitu kilichofanyizwa kwa sukari na mafuta. Jina lake la kitaalamu ni refu sana, kwa hiyo wataalamu hulikata wakasema LAM, herufi tatu tu. Vijidudu vinapokua na kufa, vipande vya LAM humwagika. Vinaingia katika damu. Damu hupita katika figo, na figo ni kama chujio la mwili. Kutoka figo, vipande vingine huingia katika mkojo. Na kama vijidudu vyenyewe vimefika katika figo, vipande huwa vingi zaidi.

Basi LAM ndiyo pumba, na mkojo ndio mfereji. Tukiiona LAM katika mkojo, twajua kwamba huko juu mwilini kuna vijidudu, hata kama makohozi hayapatikani. Hilo ndilo jibu la swali la mama.

Lakini LAM haionekani kwa macho. Ni ndogo kupita kiasi, tena haina rangi. Twahitaji kitu cha kuipaka rangi. Hapa ndipo dhahabu inapoingia.

3. Dhahabu nyekundu

Dhahabu si kitu kigeni kwetu. Miaka ya 1920 na 1930 watu wengi walikimbilia Lupa, huko Chunya, kuitafuta dhahabu mitoni na miambani, na mpaka leo Chunya inachimbwa. Nyote mnajua kwamba dhahabu ni ya manjano, nayo hung'aa.

Sasa nitawaambia jambo ambalo huenda hamjalisikia. Ukiigawanya dhahabu mpaka iwe chembe ndogo mno, ukazitawanya chembe hizo ndani ya maji, maji hayawi ya manjano. Huwa mekundu kama juisi ya rozela. Mtaalamu wa Uingereza, Michael Faraday, aliyafanyia kazi maji mekundu ya namna hiyo huko London, akatoa habari zake mwaka 1857. Alifahamu kwamba wekundu ule watoka katika dhahabu yenyewe, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno. Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake, kama mnavyoona katika upinde wa mvua. Chembe hizi humeza sana rangi ya kijani na kuiacha nyekundu ipite. Ndiyo maana sisi twaona wekundu.

Ndogo kiasi gani? Hapa tufanye hesabu. Tazameni rula ya mwalimu. Nafasi ndogo kabisa kati ya mistari yake ni milimita moja. Milimita hiyo moja igawanywe mara milioni moja. Kila kipande kinaitwa nanomita moja. Chembe ya dhahabu itumikayo katika vipimo vya namna hii yaweza kuwa na upana wa nanomita 40 hivi. Sasa chukueni punje moja ya mchele yenye urefu wa milimita 6. Ukizipanga chembe hizo mstari mmoja toka ncha ya punje mpaka ncha ya pili, zitaingia 150,000. Mwalimu, tafadhali andika tarakimu hiyo ubaoni, na mwanafunzi mmoja aisome kwa sauti: laki moja na elfu hamsini.

Wataalamu huziita chembe za nano. Msiogope jina hilo. Wengi wenu mmekwisha kuziona zikifanya kazi. Kipimo cha malaria cha zahanati, kile cha kutobolewa kidole na kutiwa tone la damu katika kibao cha plastiki, mara nyingi mstari wake huletwa na chembe za dhahabu. Kipimo cha mimba cha duka la dawa ni vivyo hivyo, nacho hutumia mkojo. Dhahabu iliyomo ni kidogo sana, hata haifai kuibwa.

4. Namna kijikaratasi kinavyofanya kazi

Kipimo cha LAM ni kijikaratasi chembamba. Hakihitaji umeme, wala mashine, wala darubini. Tufuate safari ya mkojo hatua kwa hatua.

Kwanza, mtaalamu hutia matone machache ya mkojo katika ncha moja ya karatasi. Karatasi huunyonya mkojo, kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, na mkojo huanza kusafiri kwenda ncha ya pili.

Pili, mkojo hukutana na chembe za dhahabu zilizowekwa tayari. Kila chembe imepakwa kitu kama ulimbo. Mnajua ulimbo wa kutegea ndege. Lakini ulimbo huu ni wa ajabu, maana umetengenezwa kuinasa LAM na kuacha vitu vingine. Kama LAM imo katika mkojo, inanaswa na chembe za dhahabu, na vyote husafiri pamoja.

Tatu, mbele njiani umepigwa mstari wa ulimbo mwingine, usioonekana kwa macho. Huu nao huinasa LAM. Basi LAM ikifika hapo imeshikwa pande mbili: upande mmoja na dhahabu, na upande wa pili na karatasi. Haiendi tena. Chembe nyingi za dhahabu zikikwama mahali pamoja, mstari wa rangi hujitokeza. Kama LAM haimo, dhahabu hupita hapo bila kukwama, na mstari hautokei.

Nne, mbele zaidi upo mstari wa pili. Huu hutokea hata kama mgonjwa hana ugonjwa. Kazi yake ni kutuambia kwamba karatasi ni nzima. Mstari huo usipotokea, kipimo kimeharibika, na jibu lake lisisomwe. Kipimo kirudiwe kwa karatasi nyingine.

Mtaalamu hungoja dakika 25, kisha hulinganisha mstari na rangi zilizochapwa katika kadi. Dakika 25 si nyingi. Mama wa mgonjwa aweza kuungoja uji upoe, na jibu likawa tayari. Tena kumbukeni jambo jingine. Mgonjwa anapokohoa ili atoe makohozi, hutawanya vijidudu hewani, na muuguzi aliye karibu huvivuta. Kikombe cha mkojo hakina hatari hiyo.

5. Majaribio ya Mbeya

Sasa mtu mwenye busara ataniuliza hivi: Kupata jibu mapema ni vyema, lakini je, wagonjwa wanapona? Maana jibu la haraka lisilomwokoa mtu halina faida.

Swali hilo liliulizwa na madaktari wenyewe. Mwaka 2013 na 2014 walifanya majaribio katika hospitali 10 za nchi nne: Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Mbeya ilikuwamo. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walishiriki katika kazi hiyo. Matokeo yalipigwa chapa mwaka 2016 katika gazeti la kitabibu liitwalo The Lancet.

Walifanyaje? Walichukua wagonjwa waliolazwa, wenye virusi vya UKIMWI, waliodhaniwa kuwa na kifua kikuu. Wakawagawa mafungu mawili kwa bahati, kama watu wanavyopiga kura, ili pasiwe na upendeleo. Fungu la kwanza lilipimwa kwa njia za kawaida tu. Fungu la pili lilipimwa kwa njia hizo hizo za kawaida, na juu yake likaongezewa kipimo cha mkojo. Kisha wakangoja wiki 8, wakahesabu waliokufa.

Shikeni kalamu. Katika fungu la kwanza, lisilopimwa mkojo, walikuwa wagonjwa 1,271. Waliokufa walikuwa 317. Maana yake, katika kila wagonjwa 100 walikufa 25. Katika fungu la pili, lililopimwa mkojo, walikuwa wagonjwa 1,257. Waliokufa walikuwa 261. Maana yake, katika kila wagonjwa 100 walikufa 21. Sasa toeni: 25 toa 21.

Jibu ni 4.

Mtu mmoja ataona kwamba 4 ni tarakimu ndogo. Mimi nawaomba muitazame kwa njia nyingine. Fikirini wodi zenye vitanda 100, na kila kitanda kina mgonjwa mahututi, na kando yake yupo mama, au mume, au dada. Kwa sababu ya kijikaratasi na matone machache ya mkojo, wanne zaidi kati ya wagonjwa hao wangali hai baada ya wiki 8. Muulizeni mama wa mmoja wao kama 4 ni tarakimu ndogo.

Tena angalieni: karatasi haikumponya mtu. Vidonge ndivyo viliponya. Karatasi iliwaonyesha madaktari ni nani apewe vidonge, na iliwaonyesha mapema, kabla mgonjwa hajaishiwa nguvu. Katika ugonjwa huu, siku tatu nne ni nyingi.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikubali kipimo hiki kitumike kwa wagonjwa waliozidiwa wenye virusi vya UKIMWI, na mwaka 2019 likapanua ushauri wake ili wagonjwa wengi zaidi wa namna hiyo wapimwe.

6. Karatasi isipoonyesha mstari

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyo kubwa katika somo hili. Kama mtasahau mengine yote, msisahau hii.

Kipimo hiki hakioni wagonjwa wote. Wataalamu walikusanya habari za majaribio mengi na kuzipima pamoja mwaka 2019. Waliona kwamba katika kila watu 100 wenye virusi vya UKIMWI, ambao wana dalili na kweli wana kifua kikuu, kipimo cha mkojo huwatambua 42 hivi. Toeni tena: 100 toa 42. Jibu ni 58. Hao 58 wanao ugonjwa, lakini karatasi haikuonyesha mstari.

Kwa hiyo, mstari ukitokea, ni habari kubwa, na daktari ataanza matibabu bila kukawia. Lakini mstari usipotokea, msiseme, "Kumbe hana kifua kikuu, twende zetu nyumbani." Hapana. Ukikosa kuona pumba katika mfereji, je, hiyo ni hakika kwamba hakuna apepetaye? Huenda pumba ni chache, au zimekwama njiani. Mgonjwa aendelee kupimwa kwa njia nyingine: makohozi kama yapo, picha ya kifua, na uchunguzi wa daktari.

Tena, hata mstari ukitokea, makohozi yakipatikana yapimwe pia. Sababu ni kwamba viko vijidudu vya kifua kikuu visivyosikia dawa za kawaida. Karatasi ya mkojo haiwezi kuvitofautisha. Mashine ya makohozi yaweza. Basi mkojo na makohozi ni kama jembe na panga: hutupi moja kwa sababu umepata la pili.

Na jambo la tatu. Kipimo hiki hakikufanywa kwa ajili ya kila mtu mwenye kikohozi. Mtu asiye na virusi vya UKIMWI, mwenye askari wengi mwilini, LAM katika mkojo wake huwa kidogo mno, na karatasi hii haiioni vizuri. Huyo apimwe makohozi. Ndiyo sababu ni lazima mgonjwa ajue hali yake ya virusi vya UKIMWI. Asiyejua hali yake huenda akapitwa na kipimo ambacho kingemwokoa.

7. Kazi inayoendelea

Wataalamu hawakulala. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya kipimo kingine cha mkojo, kilichojaribiwa kwa wagonjwa wa Afrika Kusini. Kipimo hicho huongeza madini ya fedha juu ya chembe za dhahabu, ili chembe zinenepe na mstari uonekane hata LAM ikiwa kidogo. Katika majaribio hayo kiliwatambua wagonjwa 70 katika kila 100, mahali ambapo kile cha kwanza kiliwatambua 42. Lakini baadaye ikaonekana kwamba vipimo vilivyotengenezwa nyakati mbalimbali havikutoa majibu yaliyo sawa. Basi kazi ya kukitengeneza vizuri zaidi ikawa haijaisha. Nimewaambia habari hii ili mjue kwamba kitu kipya hakipokelewi kwa sifa zake tu. Hupimwa, na kupimwa tena.

Na huko Marekani, katika chuo cha MIT, Profesa Sangeeta Bhatia na wenzake wanafanya jambo jingine. Wao huziingiza chembe za nano ndani ya mwili, zikatafute saratani. Chembe zikikutana na uvimbe wa saratani, uvimbe huo huzikata vipande kwa vimeng'enya vyake, na vipande hivyo hutoka katika mkojo, vikasomwa kwa kijikaratasi. Mwaka 2024 walieleza namna walivyotafuta saratani ya mapafu kwa chembe zinazovutwa kwa pumzi. Lakini majaribio hayo yalifanywa kwa panya. Mtu akija kuwauzia ninyi dawa au kipimo cha namna hiyo sokoni leo, msitoe shilingi zenu.

8. Ninyi mfanye nini?

Wanafunzi, nimesema mengi. Sasa niseme ya kutenda, nayo ni manne.

La kwanza. Nyumbani kwenu akiwapo mtu mwenye homa, jasho la usiku, kikohozi, au mwili unaokonda, mpelekeni kwenye kituo cha tiba. Msingoje mpaka abebwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali na vituo vya serikali, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6 bila kukatiza.

La pili. Mgonjwa apimwe virusi vya UKIMWI, na kama anajua kwamba anavyo, amwambie daktari bila kuficha. Hapo siri haimsaidii mtu ila ugonjwa wenyewe.

La tatu. Kama mgonjwa mwenye virusi amezidiwa, na makohozi hayatoki, mwulizeni daktari au muuguzi kwa adabu: "Je, kipimo cha kifua kikuu cha mkojo kipo hapa?" Sentensi hiyo ni fupi. Iandikeni katika daftari, muisome mpaka muijue bila kutazama. Kuuliza si utovu wa heshima. Ninyi ndio mnaokaa kando ya kitanda usiku kucha, nanyi ndio mnaojua kwamba makohozi hayakutoka.

La nne. Mkipewa kikombe, msione haya. Mkojo usimwagwe ukatiwa maji kwa aibu ya kuonekana mchache. Matone machache yanatosha.

Zamani mzee aliyekuwa hajui kusoma alipokea barua ya mwanawe akaiweka kifuani, akingoja apite mtu wa kumsomea. Wakati mwingine barua ilikuwa na habari ya haraka, na siku zikapita. Ninyi mmekataa kungoja namna hiyo, ndiyo maana mmekuja darasani. Basi msikubali barua nyingine, ile itokayo ndani ya mwili wa mgonjwa wenu, ikae bila kusomwa.

Mwalimu, sasa darasa ni lako.

Maneno ya kusoma na kuandika

Chembe: kipande kidogo sana cha kitu.
Figo: kiungo cha mwili kinachochuja damu na kufanya mkojo.
LAM: kitu cha sukari na mafuta kilichomo katika ganda la kijidudu cha kifua kikuu.
Makohozi: kitu kizito kitokacho kifuani mtu akikohoa.
Nanomita: sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wagonjwa wengine wa kifua kikuu hawatoi makohozi?
2. LAM inafikaje katika mkojo? Eleza kwa mfano wa pumba, kisha tafuta mfano wako mwenyewe.
3. Mstari wa pili wa karatasi una kazi gani?
4. Jirani yako ana virusi vya UKIMWI na amelazwa. Amepimwa mkojo na mstari haukutokea. Ndugu zake wanataka kumrudisha nyumbani. Utawaambia nini?
5. Hesabu: katika majaribio, kati ya wagonjwa 100 waliopimwa mkojo walikufa 21. Waliokuwa hai ni wangapi? Na kati ya wagonjwa 100 wasiopimwa mkojo walikufa 25. Waliokuwa hai ni wangapi?